Family Link kwenye simu ya mtoto: inapofanya kazi na inapoishia

Wazazi wenzangu, hii naandika kwa yule mama au baba ambaye mtoto wake ameshaachiwa simu, iwe ile ya zamani ya baba iliyobadilishwa kioo au mpya ya bei ya chini ya Kariakoo, na kila siku anajiuliza mtoto huko ndani anaangalia nini na anachati na nani. Mimi natumia Family Link ya Google, aplikesheni ya mzazi kusimamia simu ya mtoto akiwa kwenye simu yake mwenyewe, kwa binti yangu wa darasa la sita, na mdogo wake wa kiume bado anashikia simu yangu, kwa hiyo hali zote mbili zipo hapa nyumbani. Nitasema ilivyo, maana kuna watu wanaisifia hii kitu kana kwamba ukishaiweka umemaliza malezi, na wengine wanasema haifai chochote, na wote nawaona hawajaishi nayo.

Kwanza ni ya bure, na bure kweli, hakuna sehemu inakuja kukuambia lipia ndio ufungue. Google waliitoa 2017. Unaiweka kwenye simu yako wewe mzazi, Android au iPhone zote zinakubali, unamfungulia mtoto akaunti yake ya Google, halafu hiyo akaunti unaiingiza kwenye simu ya mtoto, na simu ya mtoto lazima iwe Android, toleo la 7 kwenda juu. Kama mtoto ana iPhone usihangaike, Apple wana mfumo wao unaitwa Screen Time upo humo humo ndani ya simu. Na zile Huawei mpya zisizo na huduma za Google nazo sahau.

Hapo kwenye akaunti kuna jambo sioni likisemwa. Watoto wengi hapa kwetu Gmail zao zimefunguliwa na kijana wa duka la simu siku ile ile simu imenunuliwa, anaandika jina, tarehe ya kuzaliwa anabuni, 1995 au mwaka wowote ili mradi akaunti ikubali haraka maana wateja wanamsubiri, na mtoto anaondoka pale Google inamjua ni mtu mzima. Maana yake YouTube iko wazi, Play Store iko wazi, matangazo yanayomjia ni ya watu wazima, na mzazi anashangaa mtoto ameyatoa wapi. Kwa hiyo kabla hujazungumzia ulinzi wowote ule, ingia kwenye akaunti ya mtoto uangalie tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa pale. Na kama simu ilikuwa ya kwako, toa akaunti zako zote kwanza ndio uifomati, maana ukiifomati bila kuzitoa ikiwaka itakudai ile ile ya mwanzo na hapo ndio safari ya kwa fundi inaanza. Kazi yote hiyo fanyia sehemu yenye Wi-Fi au uwe na bando la kutosha, simu za zamani zikianza kusasisha huduma za Google zinakula MB vibaya sana.

Sasa nije kwenye kile kinachonifanya niipende, na wala sio kile wanachokitangaza sana. Wengi wanaisifia kwa lokesheni na kufunga simu kwa mbali. Mimi nasema thamani yake kubwa ni ombi. Mtoto akitaka kuweka aplikesheni yoyote kutoka Play Store, haiingii mpaka ombi lije kwenye simu yako na wewe ukubali. Nipo kwenye daladala jioni, nimesimama, simu inatikisika kwenye mkoba, naona binti anaomba kuweka kitu ambacho sijawahi kukisikia. Unaona jina lake, unaona inafaa kuanzia umri gani, chini pana kukubali na kukataa. Sikubonyeza chochote, niliiacha mpaka nimefika nyumbani, nimepokea shikamoo, nimekaa, ndio nikamwita.

"Njoo mama, hebu niambie hii uliyoniomba ni ya nini?"

"Ya kuchati mama, wote wa twisheni wanayo."

"Unachati na nani humo?"

"Na mtu yeyote. Unabonyeza tu inakupa mtu, mnaongea kwa video."

Aliongea kwa amani kabisa, kwake ilikuwa gemu tu. Nilimwuliza huyo mtu inayekupa unamjua? Akasema hapana. Nikamwuliza tungekuwa hapa nje getini akapita mtu usiyemjua akasema njoo tuongee chumbani kwako ungemfungulia? Akacheka, akanyamaza, akasema hapana mama. Basi tukaikataa pamoja, yeye mwenyewe ndiye aliyebonyeza. Bila lile ombi mimi nisingejua kabisa kuwa kuna kitu cha hivyo kinazunguka kwa watoto wa twisheni, na ningekuja kujua siku jambo limeshaharibika. Kwa hiyo ushauri wangu, maombi usiyajibu ukiwa kazini kwa haraka haraka, na usikatae kimya kimya, maana ukikataa bila maneno mtoto anajifunza kutafuta njia nyingine.

Na njia nyingine zipo nyingi. Watoto wetu hawategemei Play Store peke yake, wanatumiana faili za aplikesheni kwa Xender au Bluetooth, na zile WhatsApp za kuchonga kama GBWhatsApp haziko Play Store kabisa. Ndani ya Family Link, kwenye setingi za simu ya mtoto, kuna sehemu ya aplikesheni kutoka vyanzo visivyojulikana, hakikisha imefungwa. Hiyo ndiyo setingi ya kwanza ningemwambia mtu yeyote aiguse, hata kabla ya muda wa kulala.

Muda nao wanauweka vizuri. Kuna kiwango cha siku nzima, kuna saa za kulala ambapo simu inajifunga yenyewe, kuna kikomo cha kila aplikesheni kwa hiyo unaweza kusema gemu nusu saa lakini ile ya kusomea hisabati haina kikomo, na matoleo ya karibuni yameongeza na muda wa shule. Simu ikijifunga mtoto bado anaweza kupokea simu inayopigwa, na unachagua aplikesheni zipi ziwe wazi muda wote, mimi nimeacha ya kupigia simu ili usiku akitaka kunipigia nikiwa zamu asikwame. Sisi tunalala saa tatu kwa siku za shule, na ugomvi wa leta hiyo simu, subiri kidogo mama, nimesema leta, huo umepungua sana, kwa sababu anayefunga sasa ni saa, sio mimi. Mwanzoni alinuna. Tukakaa na baba yake tukaongeza muda wa Jumamosi, akawa na lake la kutetea, basi yakaisha.

Ila elewa inavyofanya kazi, maana hapa kwetu intaneti ni ya bando. Yale uliyoyaweka mapema, kama saa za kulala, simu ya mtoto inayafuata hata kama haina data. Lakini ukitaka kufunga sasa hivi ukiwa mbali, au kubadilisha kitu, amri haitafika mpaka simu ya mtoto iwe kwenye mtandao. Bando likiisha au akizima data, utabonyeza weee na hakuna kitu. Lokesheni ni hivyo hivyo, simu iwe imewaka, ina chaji, ipo hewani, ndipo unaona. Kinyume chake nako kuna namna, simu ikijifunga na haina mtandao na mtoto ana shida ya kweli, wewe kwenye Family Link yako unapata namba za kumfungulia, anaziingiza zinafungua, na hizo namba hubadilika kwa hiyo hawezi kuzikariri.

Kuhusu lokesheni sina mengi. Inaonyesha alipo kwa kukadiria, inasaidia siku ya mvua akichelewa. Basi.

Kuzuia tovuti chafu: kwenye Chrome ya mtoto kuna chaguo la kujaribu kuzuia tovuti za ngono, na kuna la ukali zaidi la kuruhusu tovuti zile tu ulizoziorodhesha wewe. Kwa wadogo chukua hilo la pili. Na utafutaji wa Google unachujwa pia. Wenyewe Google wanasema hakuna mchujo ulio kamili na ni kweli, lakini tatizo kubwa la huku kwetu liko kwingine, kwamba ulinzi huo unakaa ndani ya Chrome. Simu nyingi za Tecno na Infinix zinakuja na kivinjari kingine, Phoenix, tayari kimo ndani, na watoto wanapenda Opera Mini kwa sababu haili bando, na huko mchujo wa Chrome haufiki. Kwa hiyo ingia kwenye orodha ya aplikesheni zote za simu ya mtoto ndani ya Family Link, funga kila kivinjari isipokuwa Chrome. Hapo ndipo watu wengi wanaiacha wazi halafu wanasema haifanyi kazi.

Na kubeti. Mchujo wa tovuti za ngono hauna habari na tovuti za kubeti, na mnajua zilivyotapakaa, tangazo kila video, vijana wa mtaani wanaita wadogo waweke mia tano mia tano. Kisheria chini ya miaka 18 haruhusiwi, lakini linki inazunguka tu. Hizo itabidi uziandike mwenyewe moja moja kwenye orodha ya tovuti zilizofungwa, kazi inachosha lakini fanya, anza na zile zinazotajwa sana kwenye redio, maana ndizo watoto wanazozijua kwa majina.

Nyongeza moja ninayoipendekeza sana na ni ya bure pia. Android kuanzia toleo la 9 ina sehemu kwenye setingi za mtandao inaitwa DNS ya faragha. Ukiandika pale family.cloudflare-dns.com, simu nzima, sio Chrome tu, inakataa kufungua tovuti za ngono na zile zenye virusi, hata kwa vivinjari vingine vingi, hata akitumia data ya laini yoyote. Cloudflare walianza kutoa hiyo ya familia 2020. Kuiweka ni suala la dakika chache na haipunguzi spidi kwa namna ya kuonekana. Udhaifu wake mmoja ni VPN, zile aplikesheni za kupitisha intaneti njia nyingine ya kificho, mtoto akiwasha VPN hiyo kitu inapitwa pembeni, na siku hizi hata mtoto wa msingi anajua VPN ni nini kwa sababu anaona sisi wakubwa tunavyoiwasha. Ndiyo maana nasema DNS na Family Link zikae pamoja, moja inazuia tovuti, nyingine inazuia hiyo VPN isiwekwe bila ombi.

YouTube ndiyo mtoto anapokaa muda mrefu kuliko kote, kwa hiyo usiipite haraka. Una njia mbili. Kwa wadogo kuna YouTube Kids, aplikesheni yake peke yake, unachagua rika, wa miaka minne kushuka, wa mitano mpaka minane, wa tisa mpaka kumi na mbili, au unafunga kabisa abaki na video ulizozichagua wewe tu. Kwa wakubwa kidogo kuna YouTube ya kawaida iliyo chini ya usimamizi, nayo ina ngazi, ya kwanza ni ya kuanzia miaka 9, ya pili 13, ya tatu karibu YouTube nzima ukitoa zile za watu wazima. Binti yangu yupo ngazi ya kwanza na analalamika kwamba nyimbo nyingi za Bongo Fleva hazioni. Nimemwambia tutasikiliza pamoja kwenye TV ya sebuleni. Kwa mdogo wake nimechagua katuni za Kiswahili na mafundisho ya Qur'an mwenyewe, nikafunga hapo, kwa sababu ukiiacha ijichagulie inamletea zile video za kelele za watoto wa Kizungu kufungua midoli tangu asubuhi hadi jioni, sio hatari lakini mtoto hapati kitu.

Sasa nafika pale inapoishia, na naomba hapa usome taratibu.

Family Link haisomi meseji. Haioni ndani ya WhatsApp, haioni inbox ya TikTok, haisikii sauti za Free Fire ambapo watoto wanaongea na watu wasiowajua wakiwa kwenye mechi. Ukishakubali WhatsApp iingie, unajua tu ametumia dakika ngapi, humo ndani amekaa na nani hujui. Na hatari kubwa ipo humo. Kuna utafiti mkubwa wa Tanzania uliofanywa na UNICEF, INTERPOL na ECPAT, mtandao wa mashirika ya kupinga ukatili wa kingono kwa watoto, ukatoka 2022, uliwahoji watoto wa miaka 12 hadi 17, na kati ya wanaotumia intaneti asilimia 4 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kupitia mtandao ndani ya mwaka mmoja tu, na mara nyingi aliyefanya ni mtu ambaye mtoto alikuwa anamjua tayari. Sisi tunamwogopa mzungu wa mbali mwenye picha ya bandia, kumbe anaweza kuwa jirani, mtu wa twisheni, binamu, rafiki wa kaka. Huyo hazuiliwi na mchujo wa tovuti. Namba yake imeseviwa kwa jina.

Umri wa WhatsApp ni miaka 13, TikTok 13. Najua maisha yetu, darasa zima liko kwenye grupu, mwalimu anatuma kazi humo, mzazi unaona mtoto atabaki nyuma. Sisi mpaka sasa grupu la darasa lipo kwenye simu yangu na binti anasoma kazi kwangu. Lakini kama wa kwako ameshaingia, kaa naye, sio umnyang'anye, kaa naye mkeka mmoja mpite setingi pamoja. Kwenye faragha, nani anaweza kuniongeza kwenye magrupu, weka watu niliowasevu tu, hiyo peke yake inakata nusu ya balaa maana bila hiyo mtu yeyote mwenye namba yake anamtumbukiza kwenye grupu la picha chafu usiku wa manane. Picha ya profaili waione waliosevu tu, na isiwe na sare ya shule yenye jina la shule kifuani. Simu za namba ngeni zinyamazishwe. Halafu nenda kwenye vifaa vilivyounganishwa, angalia kama kuna kompyuta au simu nyingine inasoma WhatsApp ya mtoto. Hiyo nimeisisitiza kwa sababu rafiki yangu alikuta ya binti yake imeunganishwa na simu ya mtu mzima wa ukoo ambaye aliishika simu ya mtoto siku ya sherehe, ni kuskani tu mara moja, na tangu siku ile alikuwa anasoma kila kitu. Mtoto hakuwa na habari hata kidogo.

Kuna wanaokimbilia programu za kupeleleza, zile zinazotangazwa ona WhatsApp ya mtoto bila yeye kujua. Mimi sizipendekezi kabisa. Nyingi zinakuambia uzime ulinzi wa Play Store ndio ziingie, uzipe ruhusa ya kuona kila kinachopita kwenye skrini, sasa hizo meseji na picha za mwanao zinaenda kukaa kwenye kompyuta ya nani? Family Link angalau haijifichi, mtoto anaiona ipo, anajua mama anaona nini na haoni nini. Mimi binti yangu nilimfungulia simu yangu nikamwonyesha skrini yote ya upande wa mzazi. Aliuliza, kwa hiyo meseji zangu huzioni? Nikamwambia sizioni, ndiyo maana nataka uniambie wewe. Zipo pia za kulipia kama Qustodio zenye ripoti ndefu zaidi, lakini unalipa kwa dola kwa kadi kila mwaka, na kwa familia nyingi nazozijua hiyo hela ni ada ya twisheni.

Halafu kuna nyumba ambazo Family Link haizifikii kabisa, na ndizo nyingi, zile ambazo mtoto hana simu, anatumia ya mama. Ukiingiza akaunti ya mtoto kwenye simu, simu ile inakuwa ya mtoto, huwezi kuitumia wewe kwa kazi zako. Kwa hiyo kwa mwanangu mdogo natumia kitu kingine kilichomo kwenye Android tangu zamani na watu wengi hawakijui, kubana skrini. Kipo kwenye setingi za usalama, unakiwasha na unachagua kwamba kutoka lazima PIN. Unafungua YouTube Kids, unaibana, unampa mtoto. Hawezi kutoka kwenda kwenye picha, WhatsApp, wala kwenye M-Pesa. Akibonyeza bonyeza anabaki pale pale. Simu za Samsung zina sehemu maalum ya watoto, na baadhi ya hizi nyingine nazo zinayo, tafuta kwenye setingi. Ila uhakikishe PIN ya simu yako haijui, maana watoto wanaangalia vidole.

Na bado kuna simu ya dada wa kazi, kuna simu ya mjomba akija wikiendi, kuna kibanda cha gemu cha jirani. Mimi dada wa hapa nyumbani nilimwomba tu kwa heshima, simu yako ni yako, ila naomba watoto wasiishike, akaelewa, na yeye ndiye aliyeniambia mdogo alikuwa anaiomba kila nikitoka. Kwa mjomba ilikuwa ngumu zaidi, ila baba yao aliongea naye.

Nani aiweke? Mwenye mtoto wa miaka saba mpaka kumi na mbili mwenye simu yake ya Android, aiweke leo, haina hasara, mimi naipa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja inayopungua ni kwa sababu ya vivinjari vingine na kwa sababu inamwachia mzazi wa kawaida kutafuta setingi muhimu kwenye kona za ndani kabisa. Mwenye kijana wa kidato cha pili anayeanza kuiweka leo kwa kushtukiza, nadhani ataleta vita nyumbani na hatapata alichokitaka. Kwa miaka mingi mtoto akikaribia 13 Google wamekuwa wakimtumia ujumbe kwamba sasa anaweza kusimamia akaunti yake mwenyewe, kwa hiyo hata aliyeanza mapema ajiandae, huo umri ukifika mazungumzo yawe yameshazoeleka.

La mwisho, kwa ambaye amesoma mpaka hapa kwa sababu jambo limeshatokea, mtoto ametuma picha na sasa anatishiwa lipa au tuma nyingine. Usimpige, na usimlipe huyo mtu, akilipwa atarudi. Usifute meseji, piga skrinishoti za vitisho na namba, kisha mblokuni. Ile picha yenyewe usiisambaze popote, hata kwenye grupu la familia kwa nia ya kutafuta ushauri, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haitanii na picha za utupu za watoto na mtoto ataumia mara mbili. Nendeni kituo cha polisi muulizie Dawati la Jinsia na Watoto. Kuna huduma ya bure inaitwa Take It Down ya NCMEC, shirika la kulinda watoto la Marekani, takeitdown.ncmec.org, inafanya kazi na kwa walio nje ya Marekani, picha haitoki kwenye simu yako, inatengenezewa alama tu, na mitandao iliyojiunga kama Facebook, Instagram na TikTok inaitumia hiyo alama kuitafuta picha na kuiondoa. Haifiki ndani ya chati za WhatsApp, lakini kwa picha iliyokwisha kupostiwa inasaidia, na mtoto anaweza kuijaza bila kutaja jina lake. Na piga 116, namba ya huduma kwa watoto, bure kwa mitandao yote ya hapa Tanzania, na Kenya na Uganda wanayo namba hiyo hiyo. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga, sio lazima ampitie mzazi, kwa hiyo iseviwe kwenye simu yake leo.